Kizimba cha Tano

Baba hakuwa na daftari. Vipimo alivichora kwa penseli
kwenye mlango wa stoo, chini ya msumari wa kofia yake:
hatua moja na nusu upana, tatu urefu,
jogoo mmoja, mitetea watatu, basi.
Na chini kabisa, kwa herufi zilizotoboa rangi:
UFITO USIPITE GOTI.

Kwa sababu kuku wetu walivaa soksi.
Vibeti, uzito wa mkate mdogo,
manyoya ya miguuni yametandazwa kama fagio mbili;
akiruka kutoka juu huvunja unyoya,
na unyoya uliovunjika ni mwaka mzima wa kungoja.

Na huku kwetu, nje kidogo ya Dokkum,
bahari iko juu yetu, ng'ambo ya tuta.
Udongo ni mfinyanzi, humvua mtu kiatu.
Baba alinunua mchanga kama wenzake walivyonunua ngano,
akiuchekecha, akiuanika kwenye bati mvua ikikatika,
akiumwaga vizimbani kina cha kiganja.
Mama akasema: ungenitunza miguu mimi hivyo,
nisingekuwa na baridi yabisi.
Baba alicheka. Kesho yake akaleta zulia la jikoni,
amelikata kwa kipimo cha kizimba.

Vizimba vilikuwa vinne,
mgongo magharibi, unakotoka upepo,
uso kusini, jua linakopita mbio.
Weupe. Weusi. Rangi ya limau.
Na wale wa madoadoa ambao Baba aliwaita mabibi.
Kati ya ukoo na ukoo, ubao, si wavu,
hadi juu ya undu wa jogoo:
jogoo akimwona jirani hushinda akipigana na waya
akasahau alicholetewa.

Machi, nikiwa na miaka tisa,
kaka yangu Eelke alitoka kuokota mayai
akaacha makomeo mawili yakining'inia.
Kulipokucha, jogoo mweusi alikuwa kwa mitetea wa limau,
mchanga umejaa nyayo za kila mtu.

Baba hakumpiga. Alihesabu wiki tatu kwenye vidole.
Mpaka hapo, alisema, yai halina baba wa kuandikwa.
Tutayala.
Tuliyala asubuhi, mchana, usiku,
mayai madogo, kiini tele.
Eelke hakugusa hata moja.

Alikuwa ameiba tisa.
Nyuma ya magunia ya mchanga, ndani ya beseni la Mama,
mtetea mmoja mweupe aliatamia kimya,
asiulize ya nani.

Sita walianguliwa.
Mmoja rangi ya chai iliyoingia maziwa kwa bahati mbaya.
Mmoja soksi mguu wa kulia tu.
Baba aliwatazama, akaingia stoo, akafunga mlango.
Tulisikia msumeno mpaka taa za jirani zikazimika.

Kizimba cha tano hakimo mlangoni.
Alikijenga kwa mbavu za kitanda changu cha utotoni
na dirisha la banda la kondoo, ufito hapa na pale.
Hawa si wa maonyesho, alimwambia Eelke,
kwa hiyo usinionyeshe. Walishe.

Leo tumekuja kubomoa. Mwenye nyumba mpya anataka nyasi.
Vile vinne vimefunguka kwa bisibisi, parafujo baada ya parafujo,
kwani Baba alijenga kila kitu kiweze kuhama.
Nyufani vumbi la utitiri, harufu ya mafuta ya taa.

Cha tano kina misumari.
Mirefu, ya mshazari, ncha zimekunjwa upande wa pili
ili zisitoke. Tumevuta hadi mpini wa nyundo umevunjika.
Kiache, nimesema, wataking'oa wao.

Eelke, ndevu zake zote mvi, ameinama kwenye mlango mtupu.
Amefunga komeo la juu, na la kati,
na lile la chini.
Kisha amerudi kulijaribu tena.